Uji wa Kabla ya Mechi

Didia, Shinyanga
2 Juni 2025

Mwanangu Anisia,

Mhola huko Dar? Huku mhola pia, isipokuwa ng'ombe wa kaka yako Wiliam wameingia kwenye viazi vya jirani na sasa nyumba mbili hatusalimiani. Hayo yatapita, tutakutana kanisani tutacheka.

Acha kunipigia simu. Najua unapiga, naiona inawaka taa. Masikio yangu yalibaki Mwakitolyo, kwenye yale makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, miaka yote niliyowapikia wachimbaji ugali huku mashine inanguruma mgongoni. Ukiongea kwenye simu nasikia nyuki tu. Andika barua. Mwandiko wako ni wa kuku aliyeparua majivu, lakini nausoma.

Nimekutumia ndoo ya unga wa lishe kwa basi. Ni wa Goodness. Huyo mtoto wa Wiliam nilikukabidhi akiwa na mashavu yake, ukasema unamfundisha tenisi, nikasema sawa, shangazi ni mama. Sasa kwenye picha ya Pasaka nimeona shingo na mifupa ya mabega. Nikasema mayu, Anisia amerudi! Maana na wewe ndivyo ulivyokuwa. Mtoto wa Kisukuma anakondaje kwa kucheza? Kwetu mtu akicheza ngoma vizuri ananenepa.

Kwa hiyo nimetia mahindi, ulezi, karanga na ile dawa ya kunenepesha, nimeitwanga pamoja na karanga isijulikane, kama nilivyokuwa nakutilia wewe enzi zako. Hukujua, eh? Dawa ikitangazwa inaisha nguvu, ndiyo maana nilinyamaza. Sasa umeshastaafu, haina madhara nikikuambia. Ulipendeza, watu wakafunga midomo yao, ukafika mpaka Uturuki na Misri. Usinishukuru, ni kazi ya mama. Goodness usimwambie.

Barua hii nimeifunga kwenye nailoni nikaifukia chini kabisa ya ndoo, kwa sababu makondakta wa siku hizi wanasoma mambo ya watu.

Nimefurahi kusikia chama cha tenisi kitakupa heshima mwezi wa saba. Vaa gauni, usivae zile kaptura. Na goti lako ulipumzishe. Kila Jumapili naliwashia mshumaa.

Mama yako,
Melania

*

Dar es Salaam
14 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua nimeiona leo. Ulivyoifukia chini, tumeifikia unga ukiwa umebaki robo. Goodness ameshakunywa ule uji siku zote hizi, asubuhi na jioni, na mimi nimekunywa naye.

Mama, naomba unijibu haraka na usinifiche hata kimoja. Hiyo dawa ni ya miti au ni ya dukani? Nani alikupa? Ilikuwa na rangi gani? Ulianza kunitilia lini? Mwaka ule nilipokwenda Uturuki, ndoo niliyobeba ilikuwa nayo? Kumbuka vizuri, mama. Ni ile ya mfuniko wa bluu, ulinikabidhi mwenyewe stendi ya Shinyanga.

Usitume unga mwingine. Uliobaki nimeuhifadhi, sijautupa. Goodness nimempeleka kwa daktari na nimemtoa kwenye mashindano ya mwezi wa saba. Analia, ananiuliza amekosa nini.

Naandika mbiombio, ndiyo maana mwandiko ni mbaya zaidi.

Anisia

*

Didia
20 Juni 2025

Anisia,

Marahaba. Barua yako imenikosesha raha. Hukuuliza hata hali ya ndugu yako. Umeniuliza maswali kama askari wa sungusungu aliyekamata mwizi wa mbuzi.

Haya, nakujibu. Ni vidonge, vyeupe, vidogo. Nilipewa na Januari, yule aliyekuwa na kiduka cha dawa njia ya gulioni, ambaye siku hizi amehama, ila hivi vya Goodness alinitumia kwa basi. Si dawa ya mganga. Mimi ni Mkatoliki, siendi kwa waganga. Wanawake wengi walinunua kwake, mabibi harusi wakitaka kujaza mwili kabla ya ndoa. Alisema ni ya hospitali kabisa, ndiyo maana sikuogopa.

Nilianza ile Krismasi uliyokuja na mifupa ya kifua inahesabika. Wewe ulicheka, ukasema ndiyo mwili wa kazi. Hukukaa gulioni na mimi. Mama Hosiana alinijia mbele za watu, akanishika mkono, akaniuliza kwa huruma ya uongo, "Mama Anisia, binti ameshaanza kutumia dawa?" Unajua alimaanisha ugonjwa gani. Nikasikia aibu mpaka miguuni. Mwanangu ni mzima, anashindana na Wazungu, halafu anatangazwa kuwa anakufa! Kesho yake nikaenda kwa Januari.

Ndoo ya mfuniko wa bluu naikumbuka. Hiyo niliizidishia, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Sasa na mimi nakuuliza. Kuna nini? Wewe uliacha tenisi kwa sababu ya goti, uliniambia mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kigoda changu umelifunga kitambaa. Vidonge na goti vina uhusiano gani? Kama Goodness ameumwa niambie, nije.

Melania

*

Dar es Salaam
25 Juni 2025

Kocha Deusdedit, shikamoo.

Utaona jina langu kwenye bahasha na pengine utaichana. Nakuomba usome kwanza.

Aliyenitilia dawa alikuwa mama yangu. Sijui niandikeje vinginevyo. Ile waliyoikuta mwilini mwangu kule Antalya, Uturuki, ilitoka kwenye unga wa uji. Mama alikuwa anasaga vidonge vya kunenepesha kwenye karanga. Hakujua ni nini, na mimi sikujua vilikuwemo. Unga uliobaki safari hii nimeupeleka maabara. Ni dawa ileile, jina lilelile lililokuwa kwenye karatasi ya wapimaji.

Kocha, tangu nisome barua ya mama nimekuwa kama mtu aliyepigwa rungu. Nasimama jikoni nasahau nilifuata nini. Mambo tuliyoyapitia nayaona upya, moja moja, na kila mahali ule uji upo. Baba alipokuwa mlinzi wa klabu ya mgodi pale Geita, nikiokota mipira ya wakubwa, ni wewe uliyenipa raketi iliyopasuka ukaizungushia nyuzi za katani. Ni wewe uliyeniombea ruhusa ya kucheza uwanjani alfajiri kabla wenyewe hawajaamka. Tukaenda Nairobi, Harare, Pretoria. Tulilala vituo vya mabasi, wewe umekalia begi la raketi ili lisiibwe. Nilipopata pointi yangu ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa kule Sharm el-Sheikh, Misri, ulilia mbele ya watu mpaka mwamuzi akauliza kama kuna msiba. Na kila mechi, kabla ya mechi, nilipika uji wa mama kwenye kale kajiko ka umeme. Ukiniomba nakunyima. Nilikuambia, "Huu ni wa mama, tafuta wako." Mashavu yangu yalijaa, ukanitania kwamba naolewa.

Halafu wakanipima. Waliuliza ni nani anayenishikia chupa na vitamini, nikasema ni wewe. Hilo lilikuwa kweli. Lakini baadaye waandishi waliponizunguka uwanja wa ndege nilisema na mengine. Unayajua. Walipima vitamini, hawakukuta kitu, nami nikasema umeshavibadilisha. Hakuna aliyewaza kupima uji. Nani anapima uji wa mama yake?

Nilifungiwa, sikurudi tena. Nyumbani nilisema ni goti. Tenisi si mpira wa miguu, gazeti liliandika kipande kidogo, Wiliam akakificha, na mama hasikii redio. Mpaka leo anajua ni goti.

Tarehe 19 Julai chama, kilichoamini maneno yangu ya siku ile, kinatuheshimu wachezaji tuliostaafu, nami nimepewa nafasi ya kuzungumza. Nataka kusema hukuhusika. Nitasema dawa iliingia kwa chakula, bila kumtaja mama. Nikimtaja, habari itafika Didia, na ikifika itamwua. Naomba ridhaa yako kwa hilo. Na naomba msamaha, kocha, ingawa najua neno lenyewe ni dogo.

Anisia

*

Geita
1 Julai 2025

Anisia,

Barua niliisoma karakanani, nimesimama, nikakaa chini kwenye vyuma. Vijana wakadhani nimepigwa shoti. Siku hizi nachomelea makarasha. Ndiyo kazi niliyoipata baada ya klabu kuniambia wazazi hawataki tena niwaguse watoto wao.

Sikia. Nilikuwa najua sikufanya. Lakini uliposema vile, na wewe nilikujua si mwongo, nilianza kujitafuta mwenyewe. Nilifungua begi langu la safari nikalikung'uta, nikaramba vumbi la chini ya begi, nikijiuliza, Deus, labda ulichanganya makopo? Labda kuna mtu alikupa kitu ukasahau? Mtu mzima naramba begi! Mke wangu akanikuta. Tangu siku ile hakuwahi kuniuliza kama nilifanya au sikufanya. Ningependa angeuliza.

Uwanja wa ndege ulisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwandishi akalifanya kichwa cha habari. Hapa Geita, nikipita stendi, wapo walionisalimia kwa methali hiyo. Mpaka leo wapo.

Sasa unaniomba ridhaa. Unataka kusema dawa iliingia kwa chakula. Chakula cha nani? Nani alikuwa anakupikia safarini, kwa wanavyojua watu? Watasema ni Deus, alikuwa kocha, alikuwa mpishi, alikuwa kila kitu. Utakuwa umenitoa kwenye chupa umenitia kwenye sufuria.

Unasema ukimtaja mama yako atakufa. Mimi ulinitaja, hukuuliza kama nitakufa.

Mama yako sina ugomvi naye leo. Nakumbuka alivyokuwa akitufungia viazi vitamu vya kula njiani. Kesho sijui, moyo wangu bado hautulii, nacheka na kukasirika saa hiyohiyo. Lakini ridhaa sitoi. Uliponisema ulilisema jina langu lote, la kwanza na la ukoo, mbele ya kamera. Ukitaka kunisafisha, nisafishe hivyohivyo. Ukishindwa, usitaje habari zangu kabisa, pokea heshima yako, kaa chini. Nimeshazoea.

Msamaha usiniombe kwa karatasi.

Deusdedit Masalu

*

Dar es Salaam
5 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Hii barua nimeiandika na kuichana mara nyingi. Kaa chini kabla ya kuendelea, na Wiliam awe karibu.

Goti langu ni zima, mama. Halijawahi kuumwa. Niliacha tenisi kwa sababu nilipimwa Uturuki nikakutwa na dawa iliyokatazwa, wakanifungia. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilijua sikula kitu nikadhani hutaniamini. Dawa yenyewe ni ile ya Januari. Si mbaya hospitalini, daktari akiipima. Lakini mchezaji haruhusiwi, na mtu asiyeumwa haifai kuila kila siku bila kujua. Goodness yuko salama. Daktari anamfuatilia, anasema itamtoka polepole.

Sikuandikii kukulaumu. Ulisikia aibu kwa ajili yangu ukatafuta njia, nami sikuwahi kukuuliza gulioni wanakuambia nini. Ningeweza kukaa na jambo hili mpaka nife. Tatizo ni Deus.

Nilimsingizia, mama. Nilisema ni yeye aliyenitilia. Amepoteza kazi yake na jina lake, na sasa anachomelea vyuma Geita. Anataka nimtangaze kuwa hana kosa, na nimtaje aliyefanya. Nilimwandikia kwamba nitasema "chakula" tu. Amekataa, na kila nikisoma barua yake naona ana haki.

Sijui nifanye nini. Heshima ni tarehe 19. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza, sitakwenda kabisa. Ukiniambia niseme, nitasema. Nimecheza mbele ya watu nisiowajua nusu ya maisha yangu sikuogopa, lakini leo naogopa jibu lako.

Mwanao,
Anisia

*

Didia
14 Julai 2025

Anisia,

Barua yako nimeisoma peke yangu. Wiliam sikumwita. Nilipofika kwenye goti nikarudi juu kuanza upya, nikidhani nimeruka mstari.

Miaka yote hiyo nimewasha mishumaa kwa ajili ya goti zima! Sijui Mama Maria alikuwa anazipeleka wapi sala zangu. Nilicheka kidogo, mwanangu, usikasirike, halafu kicheko kikanigeuka. Nilikaa naitazama mikono yangu. Hii ndiyo iliyotwanga. Nilitwanga nikiimba, kwa kuwa nilikuwa na furaha nakutengenezea. Nimepika ugali kwa mikono hii jana na leo na bado siiamini. Nimeshtuka mpaka mwili umekuwa mzito, najiinua kitandani kwa kushika ukuta.

Lakini sikukaa. Juzi nilipanda basi kwenda Geita. Nilikuwa na mbuzi, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu mahali alipovunja. Nikaulizia fundi wa makarasha anayeitwa Deus, wakanionyesha. Amezeeka. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, alipoivua hakunijua, halafu akanijua. Nikapiga magoti palepale kwenye vyuma, kama tunavyowasalimia wakubwa, ingawa yeye kwangu ni mdogo. Akanishika mabega ananiinua, anasema maneno, mimi sisikii. Nikamwambia, "Deus, wewe nisikilize, mimi siwezi kukusikia. Mwanangu hukumtilia kitu. Ni mimi. Nilitia kwenye uji." Unajua sauti yangu, nilishasahau kuipima. Karakana nzima ikazima mashine. Walitoka watu wa duka la ng'ambo ya barabara, wakatoka wa bodaboda, wakasimama wananitazama. Nikarudia, ili wa nyuma nao wapate.

Alikaa chini, akafunika uso. Mkewe akaja mbio na khanga kiunoni, akaniangalia mimi, akamwangalia mumewe, akakaa naye kwenye vyuma. Alimwuliza kitu. Yeye akajibu. Sikusikia, lakini yule mama alilia kama mtu aliyefiwa.

Deus mbuzi hakumtaka. Akaomba kipande cha karatasi akaniandikia, "Mama yangu alifariki mwaka ule ule. Alifariki akijua nimemtilia mtoto wa watu sumu. Twende ukamwambie." Basi tukapanda pikipiki mpaka Katoro, kwenye shamba la kwao. Kaburi lina msalaba wa chuma aliouchomelea mwenyewe. Akanionyesha nisimame upande gani, kichwa kilipo. Mimi nimefundisha katekisimu, najua marehemu wako kwa Mungu, lakini kwetu pia tunajua wanasikia. Nikamwambia, "Mama mwenzangu, mimi ni Melania, mama yake Anisia. Mwanao hakufanya. Mimi ndiye niliyefanya, na sikujua. Nimechelewa kuja, nisamehe. Mtoto wako umemzaa vizuri." Deus alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kofia. Tukarudi Geita na pikipiki ileile.

Umeniuliza niseme unyamaze au useme. Anisia, unanishangaza. Unadhani mimi nitakufa kwa kutajwa? Nimezika mume, nimewapikia wachimbaji walevi wenye visu, nimelima ukame kwa ukame. Nitaona aibu, ndiyo. Mama Hosiana atapata la kusema mpaka Krismasi. Lakini aibu nilishaikimbia mara moja, na umeona ilikotufikisha.

Usiseme chakula. Usiseme ndugu. Usiseme mtu wa nyumbani, maana watu watatafuta ni nani, na wakichoka kutafuta watarudi kwa Deus, jina lake ndilo walilolizoea. Sema Melania Mayala wa Didia, mama yako mzazi. Baada ya hapo sema Deusdedit Masalu, useme kwamba hana kosa, na useme kwamba ulimsingizia. Hilo la mwisho ni lako, siwezi kukubebea.

Tiketi tumeshakata. Deus ameandika kwamba anakuja na mkewe. Msamaha hajasema, nami sikumwuliza. Tutafika Ijumaa na basi la mchana, Goodness atupokee stendi.

Jumamosi watuweke viti vya mbele kabisa. Wengine watakusikia. Mimi nitaangalia mdomo wako, kwa hiyo jina langu litamke polepole, na usitazame pembeni.

Ni mimi mama yako,
Melania Mayala